Treni ya Nilgiri: safari ya saa tano isiyochosha

Treni ya Milima ya Nilgiri, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, huanzia Mettupalayam, kwenye tambarare yenye joto, na kupanda kilomita 46 hadi Udhagamandalam, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Utamu wake hasa uko kati ya Kallar na Coonoor: mlima ni mkali mno kwa magurudumu ya kawaida, kwa hiyo gia za injini ya mvuke hushika reli yenye meno iliyolazwa katikati ya njia, huku injini ikisukuma mabehewa kutoka nyuma. Abiria wa mbele, basi, huuona msitu bila moshi wala kizuizi. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2005, na kwa maoni yangu ilistahili. Mwenye haraka apande basi. Ukifika juu, tafuta vitambaa vya Watoda, wafugaji wa nyati wa milima hiyo, vilivyotariziwa kwa nyuzi nyekundu na nyeusi; mimi nilinunua kimoja na ningenunua zaidi.