Uzoefu wangu na jiko banifu la kuni kwa misimu miwili ya baridi, Mafinga

Jiko hili nilijengewa na fundi wa hapa Mafinga mwaka juzi, mwezi Mei, kwa sababu mama mkwe, ambaye ndiye huwahi kuamka, alikuwa akikohoa kila alipowasha moto wa mafiga. Ni jiko la matofali ya udongo lenye mdomo mdogo wa kuingizia kuni, tundu lililosimama wima, majivu yaliyoshindiliwa pembeni ili kutunza joto, na bomba linalotoa moshi juu ya bati.

Tofauti na mafiga niliiona siku ya kwanza. Kwenye mafiga hewa baridi huingia kila upande, na moshi huondoka kabla haujashika moto. Humu kuta zikishapata moto, sehemu kubwa ya moshi huo huungua ndani kwa ndani, na maharage huiva kwa takriban nusu ya kuni nilizozoea kutumia.

Hata hivyo, mwezi wa kwanza ulinikatisha tamaa. Nilikuwa nikinunua mabanzi ya paina yaliyotoka kupasuliwa siku hiyohiyo, na kila nilipoyachochea yalitoa povu kwenye ncha, yakachemka kwa sauti, na maji ya kahawia yenye harufu ya lami yakachuruzika kutoka kwenye maungio ya bomba. Joto lote lilikuwa likiishia kukausha kuni. Upepo wa jioni nao ulirudisha moshi ndani, kwa kuwa bomba lilikuwa fupi kuliko kilele cha paa, hadi fundi aliporudi kulirefusha na kuliwekea kofia.

Lawama yangu kubwa ni kauli ambayo fundi aliitumia kuniuzia jiko, kwamba “halitoi moshi kabisa”, bila kipimo chochote. Vipimo vipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unataka jiko lisilo na bomba lisizidishe miligramu 0.23 za chembechembe laini za moshi kwa dakika, na lenye bomba miligramu 0.80. Marekani, kwa majiko ya kuni ya kupasha nyumba joto, tangu mwaka 2020 jiko jipya haliruhusiwi kuuzwa likizidi gramu 2 za chembechembe kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida. Ningependa mno fundi wetu naye aweze kunionyesha namba ya jiko lake, kwa maana masizi kidogo chini ya sufuria hayanielezi kinachoingia kifuani mwa mama.

Kwa mwenye banda la kukaushia kuni, ninalipendekeza jiko hili bila kusita. Asiye na banda aanze kwa kulijenga. Sasa kuni za mkaratusi ninazipasua Julai na kuzipanga chini ya bati hadi zipasuke nyufa kwenye ncha, ndipo ziingie jikoni. Mama bado hukohoa siku za ukungu, ila asubuhi hii amepika uji akiwa amefunga mlango kwa ajili ya baridi, na macho yake hayakutoa machozi.