Udongo Upi Ununue Kwanza Iwapo Huna Tanuri

Anayeanza kufinyanga nyumbani hana haja ya kununua tanuri wala gurudumu la kufinyangia. Cha kuchagua kwa makini ni udongo, kwa kuwa ndio utakaoamua chombo kichomwe wapi na kifae kwa kazi gani.

Ninaouweka wa kwanza, tena mbali na mingine, ni udongo wa kienyeji unaouzwa na wafinyanzi wenyewe. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao uwanjani bila tanuri. Moto wa namna hiyo hufikia takriban nyuzi 600 hadi 900 za Selsiasi, joto linalotosha kuufanya udongo usirudi kuwa tope. Muulize muuzaji kama umekwisha kuchanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, maana udongo laini mtupu hupasuka upesi motoni. Kisha viringa kipande chembamba kama kidole, ukipinde; kikikatika, uache. Kilo 5 hadi 10 zatosha, kwani chombo kilichoharibika kabla ya kuchomwa hulowekwa kikawa udongo tena. Mlipe mfinyanzi huyohuyo akuchomee vyombo vyako pamoja na vyake, baada ya kuvikausha kivulini hadi unyevu wote uishe. Mtungi wa moto huo hutoa jasho, na ndiyo sababu hupoza maji vizuri, lakini haufai kuhifadhia maziwa.

Wa pili ni udongo wa kiwandani unaochomwa kwa nyuzi 1,200 na zaidi katika tanuri la kukodi. Huo ndio wa sahani na vikombe vya kupakwa rangi ya kioo, yaani ile inayoyeyuka motoni ikawa ngozi ya kung'aa, ila usinunue kabla ya kumuuliza mwenye tanuri huchoma kwa joto gani, kwa sababu udongo wa joto dogo ukitiwa katika tanuri la joto kubwa huweza kuyeyuka na kuharibu hata vyombo vya wenzako.

Udongo unaokauka wenyewe hewani nauweka wa tatu: unafaa kwa mapambo na kwa watoto, lakini maji huulainisha. Wa mwisho ni ule wa plastiki unaookwa katika oveni ya jikoni kwa nyuzi 130 hivi, mzuri kwa shanga na hereni, usiofaa kabisa kwa chakula.

Vifaa usivinunue bado. Gunzi la hindi, kipande cha kibuyu cha kulainishia na kokoto nyororo ya kung'arishia vitakutosha kwa miezi mingi.