Saruji ya kujisawazisha chini ya lamineti: uzoefu wangu

Nimekaa na sakafu hii miezi minane sasa, kwa hiyo naweza kuisema vizuri. Ninachokizungumzia hapa ni ile saruji ya unga inayojisawazisha yenyewe, pamoja na praima yake, yaani kimiminika cha kupaka kwanza ili saruji ishikamane na zege. Niliimwaga juu ya zege la zamani kabla ya kutandika lamineti, yaani vipande vya sakafu vya mbao zilizoshindiliwa vinavyounganishwa kimoja kwa kingine, kwenye chumba cha mita 4 kwa 5.

Chumba cha kwanza nilichowahi kutandika hakikupata matayarisho haya. Fundi alifagia, akatandaza foamu, akaanza kupanga vipande, nami nikaridhia kwa sababu kwa macho zege lilionekana sawa. Baada ya miezi michache palikuwa na sehemu inayobonyea kila ukipita, na viungo vikaanza kulia kwa mguu, kisha kingo zikamomonyoka. Lamineti ni ngumu lakini haipindi kufuata bonde. Panapokuwa na uwazi chini yake, uzito wote unabebwa na kile kiungo chembamba, nacho kinavunjika.

Safari hii nilianza na rula ya alumini ya mita 2. Watengenezaji wengi wa lamineti wanakubali tofauti ya takriban milimita 3 kwenye urefu huo. Kona moja ya chumba changu ilikuwa na bonde la milimita 9, na karibu na mlango palikuwa na nundu. Bila rula nisingeliona lolote kati ya hayo.

Kabla ya kusawazisha nilipima unyevu, na hapa ndipo niliponusurika. Nilibandika vipande vya nailoni angavu, sentimita 45 kila upande, nikaviziba pande zote nne kwa utepe wa gundi na kuviacha usiku na mchana mzima. Viwili vilikuwa vikavu. Cha tatu, karibu na ukuta wa bafu, kilikuwa na matone kwa ndani na zege chini yake limekuwa jeusi. Fundi bomba alipofungua ukuta alikuta kiungo cha bomba kinavuja polepole. Kilirekebishwa, nikasubiri wiki tano, nikapima tena hadi pakawa pakavu. Ningemwaga saruji na kufunika, maji yale yangepanda taratibu hadi kwenye lamineti, ambayo kiini chake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, zikavimba. Kwa zege jipya nailoni peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha hali ya juu tu. Huko kipimo cha ndani ya zege kinahitajika, na kwa makadirio ya mafundi zege huhitaji karibu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene.

Kisha nikadondosha maji hapa na pale. Palipofyonza palikuwa salama. Pale tone lilipokaa kama kwenye jani la mgomba palikuwa na rangi ya zamani au mafuta, ambayo praima isingeshika. Sehemu hizo pamoja na ile nundu nilizisaga kwa grainda yenye diski ya almasi. Tafadhali vaeni barakoa ya kuzuia vumbi, tena inayokaa sawasawa usoni, na mfunge mashine ya kuvuta vumbi kwenye grainda. Vumbi la zege lina silika, na silika inaharibu mapafu moja kwa moja. Nyufa nilizijaza, na palipolia tupu nilipogonga kwa mpini wa nyundo nilipabomoa kwa tindo na kupaziba upya.

Praima msiifanyie haraka. Mkono wa kwanza ulifyonzwa wote mara moja, nikapiga wa pili. Kando ya ukuta kuna ukanda wa sakafu ambao nilisahau kuurudia, na ni hapo tu palipotokea vitundu vidogo vidogo, hewa ya ndani ya zege ikipanda kupitia saruji mbichi.

Kuhusu unga wenyewe: pakiti ya kilo 25 ilitaka lita 6 za maji, nami nilitumia pakiti 4. Inatiririka vizuri mno, inaingia kwenye bonde na kutulia kama uji mwepesi. Lakini una kama dakika 20 tu, kwa hiyo mmoja achanganye kwa drili bila kusimama na mwingine amwage na kupitisha rola ya miiba. Pakiti ya tatu tulizidisha maji kidogo ili itiririke zaidi. Ilipokauka, sehemu ile ilikuwa laini juu, ukikwaruza kwa kucha inatoa unga kama chaki. Ilinibidi niikwangue na kuirudia. Pimeni maji kwa chombo chenye alama, si kwa macho. Zibeni pia mlango na nafasi za kandokando ya ukuta kwa ukanda wa foamu, maana inapenya popote.

Baada ya saa 4 tuliweza kukanyaga. Niliacha siku mbili, nikarudisha rula: tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa milimita 2.

Kutandika kulikwenda haraka. Nailoni ya milimita 0.2 iliyopishana sentimita 20, foamu ya milimita 2, na nafasi ya milimita 10 kila ukuta. Maboksi ya lamineti yalikuwa yamelala chumbani saa 48. Msinunue foamu nene mkidhani itaficha mabonde. Ikiwa laini sana viungo vinacheza na kuvunjika vilevile.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Unga uliobaki hauhifadhiki, kwani ukifunguliwa unavuta unyevu na kuganda, na maelezo ya pakiti hayasisitizi praima ya mkono wa pili kwa zege linalofyonza sana. Pia pimeni mlango mapema: sakafu ilipanda, na wangu ulibidi ukatwe chini.

Sakafu iko kimya kila ninapopita, hata kwenye ile kona. Nitautumia unga huu tena kwenye kile chumba cha kwanza. Lamineti iliyovunjika nimeshaing'oa, na nailoni za kupimia unyevu nimezibandika leo asubuhi.