Kubadilisha Diski ya Kompyuta Mjini Kisumu: Tathmini ya Duka la Fundi

Kompyuta yangu ya mkononi, ambayo kwa zaidi ya miaka minane nimeitumia kuandaa masomo ya Jiografia na kuhifadhi alama za wanafunzi, ilianza kutoa mlio wa tak, tak, tak kila nilipoiwasha. Baada ya siku chache ikawa inachukua dakika kumi kufungua faili moja, na hatimaye ikabaki na skrini nyeusi yenye maandishi ya kuniarifu kwamba diski haionekani. Duka la kwanza nililoliendea, ambalo sitalitaja, lilitaka kuifomati diski ile ile papo hapo na kuniwekea Windows isiyo na leseni kwa shilingi 1,000. Nilipouliza kuhusu faili zangu, nilijibiwa kwamba hizo nizisahau. Niliichukua kompyuta yangu nikaondoka.

Duka ninalolitathmini hapa ni jingine, chumba kidogo katika ghorofa ya kwanza ya jengo lililo karibu na Mtaa wa Oginga Odinga, mjini Kisumu. Kilichonifanya nimwamini fundi wake ni kwamba hakuiwasha kompyuta. Aliniuliza, "Mwalimu, tangu ianze kulia hivi umeiwasha mara ngapi?" Nikamwambia huenda ikawa mara ishirini. Akanisihi nisiiwashe tena, kisha akanieleza sababu kwa utulivu, ingawa wateja wengine watatu walikuwa wakisubiri.

Diski ya zamani kama yangu ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu ya kila uso wa kisahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno bila kuugusa. Mlio ule hutokea kichwa kinaposhindwa kupata njia yake, kikarudi mwanzo na kujaribu tena. Kichwa kilichoharibika kinaweza kukwaruza uso wa kisahani, na maandishi yaliyokuwa hapo hayarudi tena. Kwa hiyo mara zile ishirini nilizojaribu kuiwasha, nikidhani kwamba labda itakubali, zilikuwa zikiniongezea hasara. Laiti ningeyajua hayo mapema.

Alifungua skrubu, akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya na kuendesha programu iitwayo ddrescue. Programu hii hunakili kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, ikiandika kumbukumbu ya zile zinazogoma, kisha huzirudia hizo mwishoni. Utaratibu huo una maana kubwa, kwani diski inayokufa inaweza kuzima kabisa wakati wowote, na ni heri ikizima baada ya kutoa vingi kuliko ikizima huku mtu akipigania faili moja iliyooza. Kazi ilichukua usiku mzima na sehemu ya siku iliyofuata. Mimi nilipata karibu kila kitu: maandalio ya masomo, ramani nilizochora za mradi wa umwagiliaji wa Ahero, na alama za madarasa yote. Picha 14 hazikufunguka, na tatu kati ya hizo ni za marehemu mama yangu. Fundi alizijaribu tena mara mbili bila malipo ya ziada. Hazikuwezekana, na aliniambia hivyo waziwazi.

Kuhusu diski mpya sikuwa na mengi ya kuamua. Alinipa SSD ya gigabaiti 240, yenye ukubwa wa inchi 2.5, iliyoingia katika nafasi ile ile bila kubadilisha chochote. Diski ya aina hii haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo mitikisiko ya matatu kati ya Ahero na Kisumu haiisumbui kama ilivyoisumbua ile ya kwanza. Hata hivyo alinionya kwamba SSD inaweza kufa ghafla bila kutoa mlio wowote wa kuonya, na kuokoa faili zake mara nyingi ni vigumu zaidi. Onyo hilo lilinipa imani zaidi, kwa kuwa muuzaji anayetaka pesa tu hawezi kukueleza udhaifu wa kitu anachokuuzia.

Suala la mfumo wa uendeshaji ndilo lililotuchukua muda. Kompyuta yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, ilhali Windows 11 inadai kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi alisema anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini hawezi kuniahidi kwamba itaendelea kupokea masasisho. Nilichagua Linux Mint 22, mfumo mwingine wa uendeshaji ambao si wa Microsoft, ambao ni wa bure na itapokea masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Aliisakinisha kutoka kwenye flashi mbele ya macho yangu, na haikufika hata nusu saa.

Nimeitumia kwa wiki tano sasa. Inawaka kwa muda usiozidi nusu dakika, na iliitambua printa ya shule bila shida. Mitihani niliyoichapa kwa Word inafunguka katika LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika badala ya Word, ila majedwali yenye seli zilizounganishwa husogea, na jedwali letu la kukokotoa alama, ambalo lina makro za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe), linagoma sehemu fulani. Mwalimu anayelitegemea jedwali kama hilo anapaswa kulijaribu kwanza kwa kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kukubali mfumo ufutwe.

Duka lenyewe lina kasoro. Niliahidiwa Alhamisi, nikaipata kompyuta Jumamosi, na hakuna aliyenipigia simu kunizuia nisipoteze nauli. Risiti niliiomba mara mbili ndipo ikaandikwa, na muda wa dhamana ya diski, miezi 12, haukuwemo hadi niliposisitiza. Kubwa zaidi ni kwamba diski ya zamani ilikuwa imeachwa ndani ya kasha pamoja na nyingine chakavu. Ndani yake mna majina na alama za watoto wa watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde habari za namna hiyo. Nilidai nirudishiwe, na fundi akaitafuta bila ubishi, lakini inafaa airudishe kwa mteja bila kuombwa.

Nililipa shilingi 3,800 za diski, 2,000 za kuokoa faili na 1,500 za ufundi, jumla shilingi 7,300 kwa M-Pesa. Kwangu ni bei ya haki. Jumamosi ijayo ninampeleka huko mwalimu mwenzangu ambaye kompyuta yake imeanza kulia vilevile. Nimemwambia asiiwashe, na aje na diski ya nje iliyo tupu, ili faili zake zinakiliwe moja kwa moja humo badala ya kukaa kwenye kompyuta ya dukani.