Libretto ya mjomba: nimetoa hadidiski, nimeweka memori kadi ya kamera

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: kazi imefaa na pesa haikupotea, ila taabu iliyonipata baada ya wiki ya kwanza nilijitakia mwenyewe.

Mashine yenyewe ni Toshiba Libretto 50CT ya 1997. Ukubwa wake ni wa kaseti ya video, zile VHS tulizokuwa tunakodi mtaani. Haifiki kilo moja, kioo chake ni inchi 6.1, na mausi yake ni kitufe kilichokaa pembeni mwa kioo: unakisukuma kwa kidole gumba huku vidole vingine vikibofya nyuma ya kifuniko. Ndani ina Pentium ya megahezi 75 na RAM (kumbukumbu ya muda) ya megabaiti 16. Mjomba aliinunua 2001 kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anafunga virago, akawa anaandikia hesabu za korosho kule Newala, enzi za kabla ya stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza mazao kwa mnada kupitia maghala), wanunuzi binafsi wanapita kijiji kwa kijiji. (Anaapa hakuwahi kununua kangomba, yaani korosho za magendo za bei ya kutupa. Sisi wapwa zake tunanyamaza.)

Mwaka jana ikanifikia mimi hapa Mtwara mjini. Iliwaka, lakini hadidiski, ghala la mafaili yake, ilikuwa inagonga: tak, tak, kimya, tak. Betri ilishakufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika, diski inazimika ghafla ikiwa mbioni. Fundi wa kwanza niliyempelekea, jirani na soko kuu, hata bisibisi hakushika. Alisema niiweke kabatini iwe pambo.

Nilichokuwa nakitaka ni kuondoa kila kinachozunguka humo ndani na kuweka memori kadi. Hapa wengi wanakosea. Wanakimbilia kadi ndogo za SD kwa sababu zimejaa kila duka la simu. SD inahitaji kichipu cha kutafsiri katikati ili iongee na mashine ya zamani. Kadi inayofaa ni CompactFlash, ile nene kidogo yenye matundu 50, maana yenyewe inajua IDE, lugha ya hadidiski za zamani, tangu ilipozaliwa. Adapta yake haina akili yoyote, ni nyaya tu zinazotoa pini 50 za kadi na kuzipeleka kwenye pini 44 za hadidiski ya laptop. Ndiyo maana ni rahisi.

Adapta niliagiza Kariakoo, shilingi 12,000, na 5,000 ya kuisafirisha kwa basi. Kadi nilihangaika nayo mpaka nikamkumbuka mpiga picha wa harusi ninayemfahamu. Kamera yake ya zamani, Canon 5D Mark II, ilikuwa inatumia CompactFlash, na sasa amehamia nyingine. Alifungua droo, zikatoka kadi nne, moja bado ina picha za ndoa ya mtu. Nikachukua ya gigabaiti 4 kwa 20,000. Alitaka kuniuzia ya 32 kwa bei ya kuongeza kidogo tu, nikakataa, akaniona mshamba.

Sikukataa kwa ubahili. Bayosi (programu ya msingi inayoiamsha mashine) nyingi za miaka ile zinaishia gigabaiti 8.4: hesabu yao ni silinda 1,024, vichwa 255 na sekta 63, na hapo mwisho wa upeo wao. Kinachozidi hawakioni, au wanakiona vibaya, jambo ambalo ni baya zaidi. Halafu kuna Windows. Windows 95 ya kwanza kabisa inatumia FAT16, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na patisheni (kipande cha diski) moja haivuki gigabaiti 2. Toleo la OSR2 lililotoka 1996 ndilo lililoleta FAT32. Mimi nilikuwa na OSR2, kwa hiyo 4 ilinitosha na bado nilikuwa ndani ya uwezo wa mashine. Ikumbukwe diski aliyoiacha mjomba haikufika hata gigabaiti moja.

Fundi wa pili ndiye fundi. Kwanza alichomeka diski ya zamani kwenye kebo ya USB, tukavumiliana nayo jioni nzima, folda la mjomba likatoka lote. Kisha akaleta laptop nyingine kuukuu yenye tundu la disketi na la CD, akaweka adapta na kadi mahali pa hadidiski yake. Tukaiwasha kwa disketi ya OSR2, tukapiga FDISK ya kukata patisheni, tukafomati kwa /S ili kadi iweze kuwasha, tukanakili folda la Windows 95 kutoka kwenye CD. Baada ya hapo kadi ikahamia kwenye Libretto, na usanikishaji ukaendelea humo humo bila CD. Angalizo moja: chini ya adapta tuliweka utepe wa plastiki, maana imekaa karibu mno na bati la mashine. Malipo yake 15,000. Jumla kuu 52,000.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Inawaka upesi kuliko alivyowahi kuiona mjomba, na ukimya wake unachanganya. Mara mbili nimebonyeza swichi nikidhani imezimika, kumbe iko hai.

Nikapata tamaa, nikaanza kuijaza. Picha za familia, Idd kwenye ufukwe wa Shangani, mamia. Siku moja nafungua picha ya shangazi na watoto: vichwa vipo, kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu. Inayofuata hivyo hivyo. Nikamlaumu mpiga picha kwamba kaniuzia kadi mbovu, na nilimwambia maneno ambayo baadaye ilibidi niyaombee radhi.

Kadi ilikuwa nzima. Libretto ukiizima kwa swichi inaweza kulala badala ya kufa: inachukua kila kilichomo kwenye RAM na kukiandika mwishoni mwa diski, ili kesho uendelee ulipoishia. Kazi hiyo inafanywa na bayosi, siyo Windows, na bayosi haiulizi kama pale pana mtu. Mimi nilikuwa nimeikata kadi yote kuwa patisheni moja mpaka ukingoni. Ilipokuwa nusu tupu hakuna aliyeumia. Ilipojaa, kila nilipoizima ilikuwa inalala juu ya picha zangu. Dawa yake ni kuacha kipande cha mwisho bila patisheni. Mimi niliacha megabaiti 64, zaidi ya inavyohitaji, nikarudia usanikishaji wote. Tangu hapo hakuna faili lililoharibika. Kama unafanya kazi hii, anza na hilo kabla hata ya kununua adapta.

Kinachonipa wasiwasi bado ni uchakavu. RAM ya megabaiti 16 ni ndogo, Windows inaandika kwenye kadi muda wote kujisaidia, na kadi hizi zina kikomo cha kuandikwa. Kila mwisho wa mwezi naichomoa na kunakili yote kwenye laptop yangu ya kazini. Nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeikata kwa ajili ya skrubu za Libretto, ndogo kama punje za ulezi. Moja imepotea chini ya kabati mpaka leo.

Mjomba alishuka kutoka Newala mwezi uliopita. Baada ya shikamoo na chai nikamwekea mashine mezani. Alivaa miwani, akaisogeza mpaka ikakaribia pua, akaenda moja kwa moja kwenye faili la Excel la msimu wa 2003. Akateremka mstari mmoja mmoja, midomo inacheza. Kisha akasimamisha kidole kwenye kioo.

"Magunia mawili. Na huyu aliniapia msikitini kwamba amemaliza."

Akaomba simu yangu, yake haikuwa na salio.