Nimeipekua saiti ya takwimu za NBA upande wa umbali wa mashuti, haya ndo niliyoyaona

Kuna ubishi hauishi kwa watu wanaofuatilia NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, shuti la fulani lilikuwa futi ngapi. Lile la Stephen Curry wa Golden State pale Oklahoma City, Februari 27, 2016, lililomaliza mechi 121 kwa 118, mmoja atakwambia futi 37, mwingine atakuapia 38, na wote wawili wana skrinishoti. Nikachoka. Nikaamua kukaa na saiti ya takwimu ya NBA yenyewe, zile kurasa za mashuti, pembeni nikawa nimefungua Basketball-Reference, saiti nyingine ya takwimu za kikapu, nikapekua wiki kama tatu hivi usiku usiku. Vyote nilivyotumia ni bure, hata akaunti sikufungua. Niseme mapema kwamba nimeipenda sana hii kitu, ila kile nilichokifuata, yani namba moja ya kumaliza ubishi, ndo hicho ambacho haikupi.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi maana hapa ndo utamu ulipo. Kila shuti limehifadhiwa na namba mbili, moja ya kushoto-kulia na nyingine ya mbele-nyuma, na sifuri yake ni katikati ya ringi. Kipimo ni sehemu ya kumi ya futi, kwahiyo ukiona 220 kwenye ile ya kushoto-kulia maana yake futi 22. Kutoka hapo umbali unapatikana kwa ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shule tukauliza itatusaidia nini maishani, haya sasa. Kwahiyo umbali unaopewa ni wa chini sakafuni, ule urefu wa futi 10 mpaka kwenye ringi haumo kabisa. Alafu ukienda kwenye maelezo ya mechi, yale ya tukio kwa tukio, unakuta wameandika futi nzima tu, 24, 25, 26, desimali zimeshatupwa.

Hiyo ya kuanzia katikati ya ringi inawachanganya wengi. Kila mtu anajua mstari wa mitupo huru uko futi 15, sawa, lakini hizo 15 zinapimwa kutoka kwenye ubao, na katikati ya ringi iko inchi 15 mbele ya ubao. Kwahiyo mtu akisimama pale pale akashuti katikati ya mchezo, kwa hesabu ya saiti yuko futi 13 na inchi 9. Ukikuta wameandika 13 au 14 usiseme wamekosea.

Na kona ndo kichekesho. Shuti la nje ya ule mstari mkubwa ni pointi tatu, la ndani ni mbili, na tumezoea kusema pointi tatu ya kona ni futi 22 na ya juu, mbele ya ringi, ni futi 23 na inchi 9. Kweli, ila ule mstari wa kona umenyooka, unaenda sambamba na mstari wa pembeni wa uwanja mpaka futi 14 kutoka mstari wa nyuma, haujipindi. Futi 22 kamili unazipata sehemu moja tu, pale unapokuwa usawa na ringi. Ukipanda mpaka mstari unapoanza kujipinda umeshafika karibu futi 23 na inchi 8, bado watu wanaita kona. Matokeo yake futi 23 kwenye saiti inaweza kuwa pointi mbili, inaweza kuwa pointi tatu, namba peke yake haikwambii kitu. Lazima ufungue ramani.

Ramani sasa, hapo nawapa heko. Unachagua mchezaji, msimu, mechi, unaona vidoti vyote, vilivyoingia na vilivyokosa, unaweza kugawa kwa kila futi 5, kwa kila futi 8, au kwa maeneo, chini ya ringi, kona ya kushoto, kona ya kulia na kadhalika. Mashuti yapo tangu msimu wa 1996-97 kwahiyo Jordan wa miaka ya mwisho pale Chicago unampata, nilikaa kwake saa nzima nikasahau nilichokuja kufanya.

Ila ukirudi kule nyuma kumbuka vile vidoti vimetoka wapi. Ni mtu wa takwimu amekaa kando ya uwanja, anaangalia mchezo, anaweka alama pale anapoona mchezaji alirushia, huku mchezo unaendelea na ribaundi nayo inamsubiri. Ni kazi ya jicho na mkono, hata awe mzoefu vipi futi moja huku au kule inaponyoka. Kamera zikaja baadae, SportVU ikafungwa viwanja vyote msimu wa 2013-14, kamera sita juu darini zikisoma mara 25 kwa sekunde, mwaka 2017 kazi ikaenda kwa Second Spectrum, na tangu 2023-24 ni Hawk-Eye ambayo inafuata mpaka viungo vya mwili wa mchezaji. Utajiri wa hizo kamera unauona kwenye kurasa nyingine za saiti hiyo hiyo, beki alikuwa karibu kiasi gani, futi 0 mpaka 2, 2 mpaka 4, 4 mpaka 6, au zaidi ya 6, mpira ulidundwa mara ngapi kabla ya shuti, mchezaji aliushika sekunde ngapi. Mimi hapo ndo nimehamia. Shuti la futi 26 bila mtu karibu na shuti la futi 24 mkono ukiwa usoni, niambie lipi gumu.

Basketball-Reference yenyewe ni meza tupu bila urembo, inagawa futi 0 mpaka 3, 3 mpaka 10, 10 mpaka 16, 16 mpaka mstari wa tatu, na kuanzia hapo. Kwa kuona mchezaji amebadilika vipi msimu hadi msimu hakuna kinachoifikia, unaona kabisa lile eneo la 16 mpaka mstari linavyokauka. Kitu kimoja tu, wana safu ya wastani wa umbali, hiyo usiitumie peke yake. Mtu anayedanki nusu ya mashuti yake na nusu nyingine anatupa kutoka futi 25 atatoka na wastani wa futi 13 hivi, unadhani ni mtaalamu wa katikati kumbe huko katikati hakanyagi.

Kwenye simu kuna aplikesheni moja nayo nilijaribu, jina naliacha, inaonyesha mashuti moja kwa moja mechi ikiendelea. Ilinichorea pointi tatu ndani ya mstari mara mbili usiku mmoja, nikaifuta.

Maana jamani mguu ndo unaamua pointi, sio kidoti. Mwamuzi anaangalia kiatu na mstari, basi. Kevin Durant wa Brooklyn, Juni 19, 2021, mechi ya saba ya mtoano dhidi ya Milwaukee, sekunde moja imebaki, ncha ya kiatu ikakanyaga mstari, shuti likawa la pointi mbili, 109 kwa 109, muda wa nyongeza Brooklyn wakafa 115 kwa 111. Hakuna namba ya futi nzima itakayokuonyesha ile ncha ya kiatu.

Na siku hizi umbali umepata kazi mpya. Kuanzia msimu wa 2025-26 mtu akitupa yale mashuti ya mbali ya kubahatisha mwishoni mwa robo tatu za kwanza, sekunde 3 za mwisho, kuanzia futi 36 na kuendelea, na shambulizi limeanzia nusu yao ya uwanja, akikosa linahesabiwa kwa timu sio kwake. Zamani walikuwa wanashikilia mpira mpaka king'ora kilie ndo watupe, wasiharibu asilimia zao, ukiwaona unacheka. Sasa hapo futi 35 na 36 zina tofauti kwenye karatasi ya mtu.

Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya desimali, wanazo ndani kwenye zile namba mbili, hata mimi nilizipigia hesabu kwa kikokotoo cha simu, wangeziweka tu pale mbele kila mtu azione.