Wakala wa masomo ya nje: nyota 2, moja ni ya chai

Jina la ofisi naliweka kando, shauri letu la pesa halijaisha. Iko ghorofani, katikati ya Mwanza.

Nilikwenda kutafuta shahada ya uzamili ya nishati jadidifu Ujerumani. Nina digrii ya uhandisi wa umeme, mwaka wa nne huu nafunga sola, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa Igombe wanaoacha karabai na kuhamia taa za LED. Mapokezi safi: "Karibu injinia, kaa unywe chai." Ya maziwa, tangawizi imekolea. Gharama Sh 450,000 kwa awamu mbili. Ya pili nilisubiri giza la mwezi liingie, wavuvi wapate, nami nilipwe.

Wakanichagulia chuo binafsi cha ada, kozi ya menejimenti ya nishati. Nikauliza vyuo vya umma. Dada wa mezani: "Kaka, huko bei hutaiweza." Si kweli. Vingi havitozi ada hata sisi, unachangia kidogo kila muhula. Jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Oldenburg wanafundisha uzamili wa nishati jadidifu tangu 1987, pale ofisini hawajawahi kukisikia. Wakaniambia pia miaka yangu ya kazi haina maana, wakati ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalosomesha wanafunzi wa nje, kwa kozi za maendeleo kwa kawaida unataka angalau miaka 2 kazini.

Lakini kilichonichefua ni barua ya maombi. Nilieleza mvuvi anavyofifiwa na taa saa nane usiku katikati ya ziwa, kwa kuwa aliuziwa betri ya gari, nayo haistahimili kuchotwa hadi chini kila siku. Ndiyo maana nataka kusomea uhifadhi wa umeme. Wakafuta yote, wakabandika "tangu utotoni nimeota kuibadili dunia". Utotoni niliota kuwa kipa wa Toto Africans.

Nyota ya pili ni ya vyeti: nakala ziligongwa muhuri wa wakili siku ileile.

Barua ya betri nimeirudisha, naomba mwenyewe kupitia uni-assist, wanaopokea maombi kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani: euro 75 chuo cha kwanza, 30 kila kinachoongezeka. Awamu ya pili nimeidai irudi. Nimeshaifuata mara tatu, na mara zote tatu nimekunywa chai.